Kiti cha Nyuma cha Gari Jekundu

Wiki niliyokabidhi ufunguo wa hangari yetu ya viti vya magari, Fideli alinionyesha simu yake. Fideli ndiye aliyeshika nafasi yangu pale Kamembe. Ni fundi wa viti vya magari mzuri kuliko anavyojiona, na kila siku ana swali. Kwenye simu kulikuwa na picha mbili za magari ya Kimarekani, yale ya milango miwili, pua ndefu, injini ya kuamsha mtaa mzima. Moja lilikuwa na farasi kwenye pua. Jingine lilikuwa na alama kama msalaba mdogo uliolala. Akaniambia kwamba huko kwao magari hayo yanashindana tangu zamani na nguvu zao zinakaribiana. La msalaba mara nyingine hulipita la farasi kwa mbio, lakini sokoni la farasi ndilo limekuwa likimwacha mwenzake nyuma kwa miaka mingi. Watu wanaandika kurasa nzima kutafuta sababu.

"Maman Sauda, weye unaona ni juu ya nini?"

"Juu ya kiti cha nyuma," nikamjibu. "Na dirisha. Na mama mukwe."

Hangari nzima ikacheka. Nikaona bora niandike, maana sipendi kuchekwa na watu niliowafundisha kushika sindano. Magoti yangu yamegoma, mkono bado unaandika. Someni taratibu, na kazi za wateja zisilale kwa sababu yangu.

Niliingia kazini nikiwa msichana. Nyumbani tulikuwa tunashona foronya za magodoro, mimi na mama yangu, na watu wa Kamembe walijua kushona kwetu hakufumuki. Mzee Hamisi, aliyekuwa fundi wa viti vya magari, alikuwa ameachwa na mshonaji wake aliyekwenda kutafuta maisha Bujumbura. Akaja kwetu, akageuza foronya moja ndani nje, akavuta uzi kwa kucha, akasema ananihitaji. Mama akamuuliza kama nitakuwa nashinda katikati ya wanaume.

"Atashinda katikati ya viti," Mzee akasema. Mama akaniruhusu.

Siku ya kwanza nilivaa kitenge changu kizuri, nikachukua mkasi wangu, nikafika mapema. Mzee hakunipa sindano. Alifungua mlango wa nyuma wa gari moja kuukuu, akaniambia nikae. Nikakaa. Yeye akaenda kugonga misumari kwenye kiti kingine, akaongea na watu, akanywa chai. Mimi nimekaa tu kama mgonjwa anayesubiri zamu yake. Alirudi muadhini akiwa ameshaanza kuita adhuhuri.

"Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, Mzee."

"Basi kaa tena."

Mchana ule ndipo nilipoelewa anachotaka. Nilimwambia kuna springi inanichoma chini ya paja la kushoto, mguu umekufa ganzi, siwezi kuona njia kwa sababu kiti cha mbele kimeniziba, na mgongo unanilazimisha kuinama kama ninaomba msamaha. Mzee akafurahi sana. Akasema gari huwa linasifiwa na mtu anayeliangalia kwa nje, kisha linachukiwa na mtu aliyewekwa nyuma, na sisi kazi yetu ni huyo wa nyuma. Ndiyo maana kila fundi aliyepita mikononi mwangu nilimkalisha kwanza. Fideli alilalamika kuliko wote, na sasa naona anawakalisha wenzake.

Vyombo vyetu havikuwa vingi. Kulikuwa na sindano iliyopinda kama mwezi mchanga, ambayo unaiingiza kwenye skai, ile ngozi ya bandia, na inarudi juu yenyewe bila kugeuza kiti. Kulikuwa na nyundo ndogo, koleo, katani ya kujazia, magunia ya kufunika springi. Chombo nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa uma wa mezani. Mzee alikuwa ameukata meno ya katikati na kuupinda shingo, na ukawa unang'oa misumari midogo bila kupasua mbao. Mke wake alilalamika miaka yote kwamba seti yake ya uma imepungua. Uma huo uko kwenye droo ya kushoto, na sitaki kuusikia umetumika kulia maharage.

Mzee pia alinifundisha kusoma kiti kabla ya kukifumua. Gari la padri lilichakaa upande wa abiria, kwa sababu kila siku alikuwa anabeba mgonjwa au kikongwe. Gari la mfanyabiashara wa samaki tulilijua kabla halijasimama. Gari la mwanamume anayesema hana mwanamke mwingine tulilijua vilevile, lakini hilo Mzee alisema tulishone tu, tusitafute maneno ya watu.

Na msisahau nchi mnayoishi. Dereva mmoja wa Bugarama aling'ang'ania viti vya skai nyeusi, inayong'aa, kama alivyoona kwa mkubwa fulani. Mzee akamweleza kwamba Bugarama si Kamembe, kule chini joto linapika. Hakusikia. Akarudi baadaye akiendesha huku amekalia mto wa kitandani mwake, tukamshonea kitambaa, na hakuna aliyemkumbusha alichosema. Mzee hakuwa mtu wa kumcheka mteja mbele yake.

Sasa nifike kwenye magari ya Fideli.

Hangari ile haikuwa mali ya Mzee Hamisi. Ilikuwa ya Papa Anselmi, mfanyabiashara wa Bukavu aliyekuwa anavuka mpaka kwenye daraja la Rusizi kila wiki na vitambaa na sabuni. Aliwahi kutushonesha viti vya lori lake, akapendana na Mzee, akamwachia hangari afanyie kazi. Mambo yalikwenda hivyo mpaka macho ya Mzee yakaanza kuingia ukungu. Siku aliyoshindwa kabisa kutunga uzi, alimwita Papa Anselmi akamwambia kuanzia sasa Sauda ndiye atakayesimamia kazi. Papa Anselmi aliniangalia kama mtu aliyeuziwa mbuzi bila pembe.

"Mwanamuke asimamie banaume batatu na motokari za batu?"

"Ndiye anajua," Mzee akasema.

Wakati huohuo Papa Anselmi alikuwa amenunua magari mawili ya Kimarekani Bukavu, kwa mzungu wa mashamba ya chai aliyekuwa anarudi kwao. Moja la buluu lenye farasi, jingine jekundu lenye kile kimsalaba. Mafuta yalikuwa shida upande ule, hivyo akayavusha magari yale ili ayauze Kamembe. Lile jekundu akalisimamisha katikati ya hangari yetu, mahali pekee ambapo mvua haikufika.

"Sauda, ninakupa neno moja," akaniambia. "Tengeneza viti. Hizi motokari zitoke mbele ya mvua kuanza. Zikitoka, hangari inabaki kwako, kazi inaendelea. Zikibaki, ninavunja, mabati yanarudi Bukavu, hapa ninaweka depo ya sabuni."

Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia sabuni yenyewe. Lakini mimi usiku huo nilifikiria mafundi wale watatu wenye watoto. Nilijifikiria mimi nikirudi kushona foronya na kuulizwa na kila jirani kama kazi ya wanaume ilinishinda. Zaidi ya yote nilimfikiria Mzee Hamisi, ambaye hakuwa tena na kazi pale lakini kila asubuhi alivaa kofia yake, akaja, akakaa kwenye benchi lake. Hangari ikivunjwa angevaa kofia aende wapi?

Watu wote wa mtaa walisema jekundu litaondoka kwanza. Lilikuwa na nguvu za ajabu. Dereva aliyelivusha alisimulia kwamba lilipanda mlima kutoka darajani mpaka Kamembe kana kwamba kuna mtu analivuta kwa kamba kutoka juu. La buluu nalo lilipanda, lakini kwa kuguna. Mzee Hamisi akaomba aingizwe kwenye yote mawili, nyuma. Akakaa kwenye la buluu. Akakaa kwenye jekundu. Akatoka akijishika kiuno.

"Bulu itatangulia."

Nikaingia mimi nione alichokiona mtu asiyeona vizuri. Kiti cha nyuma cha la buluu kilikuwa kimechakaa kwa haki. Kulikuwa na makombo ya biskuti kwenye mshono, kibanio cha nywele za mtoto, na alama za viatu vidogo mgongoni mwa kiti cha mbele. Vioo vya pembeni vilikuwa vipana, mtu wa nyuma anaona ziwa lote kule chini. Kiti cha nyuma cha jekundu kilikuwa kipya kabisa, hata uzi wa kiwandani unang'aa. Mzungu yule alikuwa na familia, alikuwa na magari mawili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyekubali kukaa nyuma ya hili. Nilipokaa nikaelewa. Dari lilinikaribia kichwa, dirisha lilikuwa jembamba kama la stoo, na nilikuwa nimezama chini kama nimekaa ndani ya karai.

Tukashona viti vya la buluu, nalo likaondoka siku ya soko. Alikuja mnunuzi wa kahawa wa Nyakabuye na mkewe na watoto wao. Mke akaingia nyuma na watoto, wakabanana, wakacheka, mdogo akabandika pua kwenye kioo akawapungia watu. Yule bwana hakuomba hata boneti ifunguliwe. Alipogeuka kwa Papa Anselmi alikuwa ameshanunua.

Jekundu likabaki. Msidhani lilikosa wapenzi. Kila siku watu walikuja. Vijana wa Kamembe walijaa mlangoni, wanapapasa boneti, wanaomba liwashwe, likiunguruma wanapiga makofi. Mtu mwenye uwezo anatokea, anatabasamu, anazunguka mara mbili, anaingia, anashika usukani. Halafu uso unabadilika. Anasema atarudi na ndugu yake, na harudi. Watu walilipenda wakiwa wamesimama. Papa Anselmi akashusha bei, akashusha tena, ikawa sasa watu wanashuku lina ugonjwa.

Mvua ikiwa imeshaanza kunukia, akaja Papa Gaspari. Huyu alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga Bugarama, mwanamume mkubwa wa mwili na wa sauti, na alitaka gari ambalo likishuka bondeni kila mtu ajue ni la nani. Alikuja na mkewe Konsolata, mwanamke mfupi, mwepesi, ambaye ndiye alikuwa anaendesha kipikapu cha mashine kupeleka mchele sokoni. Siku hizo mwanamke dereva alikuwa kitu cha kusimuliwa, lakini watu wa Bugarama walishamzoea. Na walikuja na mama yake Konsolata, Bibi Veronika, mama wa Bukavu aliyenenepa kwa heshima, ambaye walikuwa wanamchukua akakae nao.

Papa Gaspari alilipenda gari kabla hajaligusa. Akanyoosha mkono kumpa Papa Anselmi. Ndipo Bibi Veronika akauliza, bila kumwangalia mkwe wake, yeye atakaa wapi.

Nyie vijana wa leo mnakaa na mama wakwe zenu mkitazama televisheni. Wakati ule mkwe na mama mkwe waliheshimiana kwa umbali. Hawapiti karibu, hawatazamani usoni, neno likiwepo linapitia kwa mke. Sasa gari la milango miwili, ili uingie nyuma, unakunja kiti cha mbele, unainama, unatanguliza kichwa, na sehemu nyingine ya mwili inabaki nje ikimtazama aliyeshika mlango.

Papa Gaspari akageuka haraka akaanza kusoma ukuta wa jirani, ambao haukuwa na maandishi yoyote. Mafundi wangu nao wakageuka. Bibi Veronika akainama kidogo, akapima, akasimama tena.

"Konsolata, mutoto yangu, miye siingie mule."

"Mama, jaribu tu, hakuna muntu anaangalia."

"Hata kama batu bote bako vipofu, siingie."

"Basi ukae mbele."

"Bega kwa bega na mukwe yangu mpaka Bugarama? Heri nitembee na miguu."

Konsolata akasema basi mama apande lori lao la mchele. Bibi Veronika akauliza kama alizaa mtoto ili apandishwe juu ya magunia. Papa Gaspari, bado anauangalia ukuta, akasema basi watafikiri. Wakaondoka. Papa Anselmi alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta na seremala, na seremala ameshapanda juu anapima mabati ya kufungua kwanza. Mzee Hamisi alikuwa kwenye benchi lake, ameinua uso kuelekea sauti ya nyundo, anauliza nani yuko juu. Nikamwendea Papa Anselmi nikamwomba aniachie mpaka siku ya soko. Sikulia, ingawa nilitaka. Akaangalia mawingu, akamwangalia Mzee, akamwambia seremala ashuke.

Nikakaa na Mzee kwenye benchi nikamweleza yote, ukuta na lori la mchele na kila kitu. Alicheka mpaka akafuta macho. Halafu akaniuliza:

"Weye ulikaa wapi mule ndani?"

"Nyuma, Mzee."

"Na kwa usukani?"

Sikuwahi. Sikujua kuendesha, na akilini mwangu usukani ulikuwa mahali pa mwenye gari. Nikaenda nikakaa. Sikuona kitu. Niliona usukani, niliona dashibodi, na juu yake kipande cha mbingu. Boneti yote, ile pua ndefu iliyopendwa na mtaa mzima, ilikuwa imepotea, na mfereji wa barabara ungeweza kuwa popote. Fikirini mtu anashuka zile kona za kwenda Bugarama hajui tairi yake iko wapi. Ndiyo maana sura zao zilikuwa zinabadilika. Wanaume wale hawakuwa tayari kusema mbele ya watu kwamba wamekaa ndani ya gari lenye nguvu na wameogopa, wakasema wataleta ndugu.

Nikamkumbuka Konsolata, kimo chake na changu ni kimoja. Jambo lote likajipanga kichwani nikiwa bado nimeshika usukani.

Tulifanya kazi ile sisi wanne bila kupokea nyingine. Kiti cha dereva nilikifumua mpaka chuma. Nikaongeza springi juu ya springi, nikajaza katani iliyopigwa vizuri isije ikalala, nikakinyanyua nyuma kidogo zaidi ya mbele ili mguu mfupi ufike kwenye pedali. Reli zake tukazisogeza. Kiti cha abiria wa mbele nacho nikakipandisha, nikakipanua, kikawa kiti cha mtu mzima anayeheshimiwa. Reli zake tukazirefusha, kiti kikawa kinakwenda mbele kabisa, na nafasi ya kupita nyuma ikawa mlango wa kweli. Kisha nyuma. Pale nilishusha kikalio karibu na sakafu, nikachimba mgongo wake kwa ndani, ili mtu mrefu akae bila kugonga dari. Kila jioni Mzee Hamisi alikaa kwenye kila kiti na kutoa hukumu. Cha dereva alikikataa mara mbili.

Nikatuma neno Bugarama kwa dereva wa lori la mchele: Maman Konsolata aje akalie kiti.

Walikuja wote watatu siku ya soko, na watu wa soko wakaja nyuma yao. Papa Anselmi alikuwepo, seremala naye alikuwepo. Nikafungua mlango wa usukani, Papa Gaspari akajongea, nikamwomba msamaha nikamwambia nilikuwa namwita mkewe. Konsolata akaingia. Akavuta kiti, akashika usukani, akatazama mbele.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Ninaona pua yote," akasema. "Ninaona mpaka miguu ya ule mbuzi."

Nikamfungulia Bibi Veronika mlango wa mbele. Akaketi bila kuinama, akaweka mkoba wake magotini, akaenea vizuri. Akajaribu mgongo wa kiti. Ikawa mama na binti wamekaa mbele, wamependeza, na Papa Gaspari amesimama nje na ukubwa wake wote. Mwanamume yule alikuwa amekuja kununua nguvu, na sasa kila mtu aliona mahali pekee palipobaki. Nilimwona akihesabu heshima yake. Kama angegeuka kwenda zake, seremala alikuwa na nyundo mkononi.

Bibi Veronika ndiye aliyesema, akitazama mbele kwenye kioo.

"Konsolata, uambie baba ya batoto kama nyuma kuko nafasi nzuri."

Konsolata akamwangalia mumewe. "Baba Esperanse, Mama anasema nyuma kuko nafasi nzuri."

Papa Gaspari alizunguka gari lote polepole, akapapasa boneti kama anayeiaga. Halafu mkewe akashuka kidogo, yeye akakunja kiti cha usukani, akaingia nyuma, upande wa kushoto, ili asije akapumua kwenye shingo ya mama mkwe. Akajisogeza. Akaegemea. Tukasikia sauti yake kutoka ndani, ya mtu aliyeshangaa:

"Kumbe kunakalika."

Akampitishia Papa Anselmi pesa, Konsolata akarudi kwenye usukani, naye akamwambia aende pole. Konsolata hakuenda pole. Jekundu liliruka kutoka hangarini likiunguruma, soko lote likapiga kelele, na tuliusikia mlio wake muda mrefu likishuka upande wa Bugarama. Papa Anselmi akamlipa seremala kwa kupanda na kushuka. Jioni ile mvua ilinyesha, ikapiga mabati yetu vizuri, na Mzee Hamisi akakataa kwenda nyumbani mpaka iishe.

Hayo ndiyo majibu ya Fideli. Sijafika Marekani, lakini mtu ni mtu. Injini inamleta mnunuzi mlangoni, na magari yale yote mawili yalikuwa na injini. Linalouzika ni lile ambalo ndani yake dereva anaona njia, mke anaona dirisha, na aliyewekwa nyuma hatamani kushuka. Gari la buluu lilikuja hivyo kutoka kwao. Jekundu lilihitaji sisi.

Baada ya hapo hangari ilikuwa kazi yangu ya maisha. Mzee Hamisi alikuja kwenye benchi lake mpaka alipofariki kwa uzee, kofia yake safi. Magari ya Kijapani yakaja, madogo, milango minne, mama wakwe wakapumzika. Kuna miaka ambayo sitaiandika hapa. Kila mtu wa Rusizi anaijua, na kuna benchi na viti ambavyo watu wake hawakurudi. Tuliporudi kufungua, tulianza kwa kushona viti vya magari yaliyobeba wagonjwa, na hatukuuliza kitu.

Kazi yangu ya mwisho ilifika bila kutangazwa. Nilisikia mlio mdogo wa mashine ya Kijapani, nikainua macho, nikaona boneti nyekundu. Injini ile ya Kimarekani ilishakufa zamani, Konsolata alikuwa ameweka ya kigari cha mizigo, na lilipanda mlima kwa kuguna kuliko hata la buluu. Rangi ilikuwa imefifia. Lakini alikuwa bado amekaa juu, anaona pua yote, mwanamke mzee sasa, kitambaa kimefungwa vizuri.

Tukasalimiana sana. Bibi Veronika alishazikwa zamani. Papa Gaspari nilijua alifariki kwa ugonjwa, msimu wa mavuno uliopita, nikampa pole tena. Akaniambia anataka viti vyote vishonwe upya, wajukuu wamevimaliza. Nikakunja kiti cha mbele, nikaingiza kichwa nyuma na magoti yangu mabovu.

Kile kiti ambacho mzungu alikiacha kipya kilikuwa kimekwisha. Kulia kulikuwa na wino, makombo, mshono uliofumuliwa na vidole vya watoto. Kushoto, nyuma ya dereva, kulikuwa na shimo, pana, limezama mpaka kwenye gunia, na juu yake mgongo wa kiti umebonyea mabega ya mtu mkubwa. Alikaa pale miaka yote. Watu wa Bugarama walimcheka mwanzoni, wakachoka, wakaanza kumpungia mkono dirishani.

"Hapa springi imekufa," nikasema. "Nitainua."

"Hapana, Sauda. Iyi upande usiiguse."

"Itaharibu kazi yangu, Maman."

"Usiiguse. Ni kwake."

Nilishona kila kitu upya, kwa sindano ile ya Mzee, na shimo la Papa Gaspari nikalizunguka. Ngozi mpya niliilaza juu yake ikafuata umbo lake, bila kujaza hata uzi mmoja wa katani. Konsolata aliangalia, akaweka kiganja pale, akatoa. Akasema siku yangu ya mwisho hawezi kuniacha nitembee. Mbele alikuwa ameniwekea gunia la mchele wa Bugarama, kwa hiyo ningekaa nyuma.

Nikakabidhi ufunguo, nikakunja kiti, nikaingia. Nikakaa kulia, nikamwachia Papa Gaspari nafasi yake.